Masahihisho ya Kitabu cha Gitl

Montreal
Jumatatu, 11 Mei 1981

Dada mpendwa Gitl,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko juu ya mnara wako. Mama anasema kukaa peke yako mlimani kutazama kama misitu inashika moto si kazi ya binti wa Kiyahudi. Kisha akaniuliza kama mnara una choo. Nilimwambia nitakuuliza.

Nimekisoma kitabu chako. Mkutubi alikuwa amekiweka kwenye rafu ya majoka, nikakisoma chote nikingoja joka, sikuliona hata moja. Lakini nilikutana na Yemima, na mto Sambatyoni unaorusha mawe siku sita na kupumzika Sabato, na watu wetu wa ng'ambo ambao Hekalu lao halikuchomwa kamwe. Nililia mara mbili. Jalada nimelifunika kwa karatasi ya mkate, maana yule mwanamke aliyechorwa juu ya farasi, kwa vazi lile dogo, atashikwa na kichomi.

Nitakuambia ninachotaka, kwa sababu Bi. Edelshtein anatufundisha kwamba barua njema haizunguki. Ni miaka mitatu tangu uende chuo kikuu bila ridhaa ya Baba, na tangu siku hiyo hajataja jina lako. Mama husema "yule mkubwa", Baba hasemi kitu. Nataka alitaje. Nataka uje mlangoni naye akufungulie mwenyewe. Nadhani inawezekana. Sina sababu ya kudhani hivyo, ila nadhani.

Mdogo wako,
Tsivia


Mnara wa Saba, British Columbia
Jumatano, 20 Mei

Tsivia, mdogo wangu,

Mwambie Mama choo kipo. Kiko hatua sitini chini ya mnara, na dubu hukitumia kabla yangu.

Barua yako ilikuja na helikopta, pamoja na viazi na betri za redio. Huja kila baada ya wiki mbili hivi. Simu hakuna. Nina redio ya kuzungumza na kituo cha misitu, basi, nayo ni ya moshi, si ya soga.

Unajua kwa nini nilikiandika? Utotoni nilisoma kila hadithi ya wachawi na wafalme niliyoweza kuificha chini ya godoro. Watu wetu humo walikuwa ama hawapo kabisa, ama ni vibeti wenye pua ndefu wanaolala juu ya dhahabu. Na kwenye vitabu vyetu wenyewe sisi ni watu wa kufukuzwa tu, kutoka huku, kutoka kule. Nikasema, hebu niwape watu wetu farasi. Niwape nchi ambayo hakuna aliyewahi kuwafukuza. Nione watakuwaje.

Kuhusu Baba, nakuomba usinibebee habari zake kama hakukutuma. Akinitaka, kuandika anajua. Hakuna mtu Montreal anayezijua herufi kumzidi.

Kula vizuri. Usivunjike shingo kwa kusoma.

Gitl


Montreal
Alhamisi, 28 Mei

Dada mpendwa,

Nina maswali matatu juu ya kitabu. Ni maswali yangu mwenyewe.

Ukurasa wa 41. Wapanda farasi wanakula nyama ya mwana-mbuzi, na kabla kitambaa hakijakunjwa wanakunywa maziwa. Hawa ni watu wanaoishika Torati, inayotukataza kuchanganya nyama na maziwa, au siyo?

Ukurasa wa 112. Yemima anavuka mto siku ya Sabato, mawe yakiwa yamelala, ili kumpelekea dawa mtoto anayekufa. Hilo ni sawa, kuokoa uhai huvunja Sabato. Lakini farasi naye ameamriwa kupumzika. Je, hakuweza kwenda kwa miguu?

Ukurasa wa 203, kwenye harusi. Bwana harusi anavunja glasi kwa kisigino. Sisi tunavunja glasi ili hata siku ya furaha tukumbuke Hekalu lililochomwa. Hekalu lao halikuchomwa. Kwa nini wanavunja glasi?

Samahani kama ni mengi. Hapa wote hawajambo.

Tsivia


Mnara wa Saba
Alhamisi, 4 Juni

Wewe mtoto!

Maziwa: kosa langu. Nilikuwa na njaa nilipoandika.

Farasi: ni maili nne na mtoto anakata roho. Farasi atasamehewa. Mwache.

Glasi. Tsivia, nilisoma swali lako nimesimama, nikakaa chini. Wahariri watatu walipitia kitabu kile, wasomi, watu wenye miwani, na hakuna aliyeliona. Nimewajengea watu nchi nzima ambako hawakupoteza chochote, kisha nikawaacha waomboleze. Sijui nikujibu nini ila ukweli: sikuweza kuwaza harusi bila sauti ile. Niliifunga safari yote ya kuwaondolea huzuni, nikafika harusini nikakuta nimeibeba mfukoni. Labda ndivyo tulivyo. Labda ndivyo nilivyo mimi tu.

Umekuwa na jicho kali. Unanikumbusha mtu fulani, na sijui kama hiyo ni sifa.

Gitl


Montreal
Alhamisi, 11 Juni

Dada mpendwa,

Jibu lako la glasi lilipendwa sana. Yaani nimelipenda.

Nina swali moja tu tena. Ukurasa wa 88. Yule Hakimu wa Kivuko anamrudisha binti yake mwenyewe, Yemima, kwa kuwa alitia mguu majini kabla jua la Sabato halijazama. Mbele ya watu wote anamwambia, "Sikujui." Kisha hakimu anaenda nyumbani, na kitabu kinaendelea na Yemima, na hakimu hatumwoni tena mpaka mwisho.

Alipofika nyumbani alifanya nini? Alikula chakula cha jioni?

Tafadhali jibu upesi kama helikopta inaruhusu.

Tsivia


Mnara wa Saba
Alhamisi, 18 Juni

Tsivia,

Alikula. Alikula supu na mkate, akasema baraka ya baada ya chakula bila kuruka neno, akafungua vitabu vyake, akakagua herufi zake, akalala. Watu wa namna ile hulala. Ndiyo maana harudi kitabuni. Hana hadithi. Wenye hadithi ni wale aliowaacha nje.

Na usiniulize tena juu yake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukisikilizia nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa mbele ya pazia.

G.


Montreal
Jumatatu, 29 Juni

Gitl, dada yangu,

Maswali hayakuwa yangu.

Nitaanza mwanzo. Tangu Pasaka Baba ni mgonjwa. Ni tumbo, na daktari ameacha kutupa tarehe za kurudi. Siku hizi hawezi kukaa mezani na vitabu vya Torati, kwa hiyo sinagogi limepeleka kazi kwa mkaguzi mwingine. Unajua maana yake kwake. Miaka thelathini amekuwa akizipitia herufi za wengine kwa kidole, akiweka kipande cha karatasi penye herufi iliyopasuka, maana herufi moja mbovu hukiharamisha kitabu kizima mpaka irekebishwe. Sasa kidole hakina pa kwenda.

Mwezi wa tano alinikuta nasoma.

"Nini hicho ndani ya karatasi ya mkate?"

"Kitabu, Baba."

"Naona ni kitabu, sikudhani ni samaki. Cha nani?"

Nikakifunika kwa mikono. Akajua.

"Kina makosa?"

"Sijui, Baba."

"Kila kitabu kina makosa. Kaa. Soma."

Basi kila alasiri, Mama akiwa jikoni akijifanya hasikii, nilimsomea, nikigeuza Kiingereza chako kwa lugha ya nyumbani kadiri nilivyoweza. Alikuwa na vipande vyake vya karatasi. Alipoona kosa aliniambia, "Weka hapa. Muulize mwandishi." Siku zote alisema "mwandishi". Nikuambie pia kwamba alicheka: pale kuhani mzee anapoanguka kwenye pipa la mafuta. Alicheka mpaka Mama akaja kumshika mgongo.

Nilipomsomea jibu lako la glasi aliniomba nilirudie. Kisha akavua miwani, akasema, "Toa karatasi. Hilo si kosa. Hilo liache."

Swali la hakimu alilihifadhi wiki nzima kabla hajanipa.

Barua yako ya tarehe 18 ilifika Ijumaa. Niliisoma peke yangu chooni. Gitl, sikuweza. Nilikwenda kwake, nikashika karatasi mbele ya uso wangu, nikasoma ambacho hukuandika. Nilisema hakimu alifika nyumbani akakaa dirishani, moyo wake mzito kama jiwe, machozi yakimwagika kama mto. Niliona ni pazuri. Ilikuwa hadithi yangu ya kwanza.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Mara ya kwanza alikaa dirishani. Sasa amekaa mlangoni. Karatasi haihamishi watu, Tsivia." Kisha akasema, "Na haya si maneno ya Gitl. Gitl hangeweka jiwe na mto kwenye sentensi moja."

Alitaja jina lako. Jikoni bomba la maji likafungwa.

Akanyoosha mkono, nikampa barua. Aliisoma mwenyewe, Kiingereza chake kile cha polepole, kidole chini ya kila neno, kama anavyokagua. Alipomaliza hakuikunja. Alisema, "Kosa. Ukurasa wa themanini na nane. Mwandishi hakuwa ndani ya nyumba, angejuaje? Mwandikie. Hakimu hakula."

Na Mama, ambaye miaka mitatu hakusema neno juu ya jambo hili, akapaza sauti kutoka jikoni: "Siku tatu! Siku tatu nilimwaga supu!"

"Mwanamke, nani kakuuliza?"

"Hakuna! Hakuna aliyeniuliza! Ndiyo shida ya nyumba hii!"

Alinikataza kukuandikia kwamba anaumwa. Alisema, "Aliyeletwa na ugonjwa hakuja kwa ajili yangu." Nilimtii wiki saba. Leo simtii. Njoo, Gitl. Wanasema kesho posta watagoma, nakimbia kuitumbukiza sasa hivi.

Tsivia


Montreal
Jumapili, 5 Julai

Dada mpendwa,

Posta wamegoma. Barua yangu ya Jumatatu bado imo ndani ya sanduku la kona. Nimeingiza mkono, haufiki. Mwanamume mmoja alinipigia kelele kwa Kifaransa kwamba ni mali ya serikali, nikamwambia ni ya dada yangu.

Mama anasema nisihangaike, mjomba Nachum atapiga simu kituo cha misitu nao watakuita kwa redio. Kwa hiyo labda utakuwa hapa kabla ya barua hii. Nitaitia mwenyewe kwenye sanduku tutakapopita pamoja.

Baba haumwi sana leo. Aliuliza, "Mwandishi amejibu?"

Tsivia


Montreal
Jumapili, 19 Julai

Gitl,

Baba alifariki Alhamisi tarehe 9, saa nne asubuhi. Tulimzika Ijumaa kabla ya Sabato. Mjomba Nachum alisoma sala ambayo mwana humsomea baba yake, kwa kuwa hakuna mtoto wa kiume.

Kila siku aliuliza kama mwandishi amejibu. Jumatano nilimwambia tena kwamba posta wamegoma nchi nzima, barua haziendi wala haziji. Kisha akasema, "Basi si yeye." Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa.

Tulikaa matanga siku saba kwenye vile viti vifupi vya wafiwa. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani ni wewe. Wakaja walimu wangu wote, akaja muuza samaki, akaja hata mwandishi wa Torati yule ambaye Baba alimrudishia kitabu mara nne, akalia kuliko wote.

Hukuja. Mjomba amekupigia, na hukuja. Nataka kukuambia ninavyokuwaza lakini nimefundishwa kutoandika kwa hasira, kwa hiyo naishia hapa.

Tsivia


Montreal
Jumanne, 11 Agosti

Dada yangu, dada yangu,

Hakuna aliyekupigia.

Nimelijua jana. Mama alimwuliza mjomba Nachum ulisema nini kwenye redio, naye akashangaa. "Mimi? Si ulisema wewe ndiye utampigia?" Mama alidhani yeye, yeye alidhani Mama. Ulikuwa ugonjwa, kisha mazishi, kisha matanga, kila mmoja akilitazama jambo hilo mkononi mwa mwenzake. Mama hajainuka kitandani tangu jana.

Nilipiga simu mwenyewe leo. Mwanamume alipokea, mpole, akaniuliza kama nina ujumbe wa kupeleka kwa redio. Nilifungua mdomo. Nikamwona mtu huyu akikupazia sauti habari ile, na minara mingine yote ikisikia. Nikasema, "Mwambie barua zake zinakuja." Labda nimekosea tena.

Posta wamerudi kazini leo. Barua zangu zote zitakufikia pamoja. Sheria unaijua: habari ya msiba ikimfikia mtu ndani ya siku thelathini, hukaa matanga siku saba. Ikimfikia baada ya hapo, hukaa saa moja. Nimehesabu kwa kalenda, na tena kwa vidole. Gitl, tumekubakishia saa moja.

Nisamehe pia kwa barua iliyotangulia.

Tsivia


Mnara wa Saba
Alhamisi, 20 Agosti

Tsivia wangu,

Zimekuja nne kwa pamoja, juu ya gunia la viazi. Nikazipanga kwa tarehe kama mtu mwenye akili, nikaanza na ya kwanza. Kwa hiyo kwa kurasa kadhaa Baba alikuwa hai na ananisahihisha. Nilicheka kwa sauti hapa peke yangu, "Karatasi haihamishi watu." Nilimsikia. Nilianza hata kumjibu. Kisha nikafungua ya pili, na ya tatu.

Nilichana shati upande wa moyo, kama afanyavyo aliyefiwa na mzazi. Nikachukua kasha la maziwa ya kopo liwe kiti kifupi, nikakaa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

Saa sita kamili kituo huita minara yote. Anayeita ni mzee mmoja, Wendell, ambaye sijawahi kumwona. "Mnara wa Saba, unaona nini?" Inanibidi kujibu, wasipopata jibu hutuma watu. Nikabonyeza, nikasema, "Baba yangu amekufa." Sikukusudia. Nilikusudia kusema hakuna moshi.

Hakusema pole. Hakusema lolote. Nilisikia tu ule mvumo wa redio ikiwa wazi. Aliiacha wazi, Tsivia. Mara moja alikohoa, mara moja nikasikia kiti chake. Yule mtu hajui kwamba kwetu anayekuja matangani hasemi neno mpaka mfiwa aseme kwanza. Hajawahi kumwona Myahudi, nadhani, isipokuwa kama nahesabika mimi. Na mimi sikusema, naye hakusema, saa nzima. Saa saba nikainuka kwa sababu sheria inasema inuka. Nikazunguka madirisha yote manne, nikabonyeza, nikasema, "Hakuna moshi." Akasema, "Nimesikia, Saba."

Sasa sikiliza. Usijilaumu kwa lile la dirishani na mlangoni. Ulimtungia mzee mgonjwa hadithi ya baba anayehurumiwa na binti yake. Mimi niliandika kitabu cha kurasa mia tatu nisiweze kumwandika huyo. Nilivumbua mto wa mawe, nikavumbua nchi nzima ya watu wasio na majonzi, na supu inayomwagwa siku tatu jikoni kwetu sikuweza kuivumbua.

Nimemwandikia mchapishaji kwamba ukurasa wa 88 una kosa.

Msimu wa moto unaisha katikati ya Septemba. Mama hajaniandikia neno lolote tangu niondoke, wala sasa. Sijui kama anataka kuniona au kama uso wangu utamwongezea. Usimwulize kwa niaba yangu. Nadhani tumepelekewa maneno vya kutosha na mtoto wa miaka kumi na mitano.

Gitl


Montreal
Jumanne, 1 Septemba

Dada mpendwa Gitl,

Barua yako imefika. Nilimsomea Mama yote, neno kwa neno, hata pale uliposema nisimwulize. Nilipofika kwa yule mzee wa redio aliniomba ninyamaze kidogo, akatazama mikono yake. Kisha akaniambia niendelee.

Nilipomaliza akasema, "Mwandikie, muulize kama huko kuna baridi."

Nikachukua kalamu. Nikaandika tarehe. Kisha nikasema, "Hapana, Mama."

"Hapana nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Mimi mwandiko wangu kama kuku kapita! Yeye ni mwandishi!"

"Ni binti yako."

Nilidhani atanipiga kibao. Nikampa kalamu, nikatoka nje nikasimama barazani, nikahesabu magari mpaka kumi na tisa. Niliporudi karatasi ilikuwa mezani, naye yuko jikoni anasugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa. Sikusoma alichoandika. Nakikunjia hapa kama kilivyo.

Mdogo wako,
Tsivia


Gitl

huko juu baridi. Vaa soksi mbili.

Siandiki vizuri. Nilikuwa nikipita mbele ya duka la vitabu nakiona kitabu chako dirishani. Nilikuwa napita kila siku. Baba yako hakujua.

Njoo Alhamisi, si Ijumaa, Ijumaa ni mbio. Tukande unga wa mkate wa Sabato pamoja. Mimi peke yangu sasa unanishinda.

Mama